Watoto Ishirini na Wanne wa Kuazima

Nitasema ukweli mapema ili nisisumbuane na mtu: watoto niliwaazima mimi. Si wifi yangu. Yeye alisema hapana mara mbili, mara ya tatu akanyamaza, na mimi kwa nilivyo nikauchukua ule ukimya kuwa ndiyo. Kila kilichotuchanganya baadaye kilianzia hapo. Hadi leo nikikaa kwenye cherehani nikajaribu kulifuata jambo lenyewe toka mwanzo hadi mwisho, kuna mahali napotea njia.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anakuja kama mgeni, kwa hiyo nyumba hii tuliyoachiwa na marehemu baba tumeishi sisi wawili, mimi na yeye, kwa miaka mingi kuliko aliyoishi na mumewe. Siku aliyoletwa nilimtazama mikono kwanza. Vidole vyake vya kulia vimejaa alama za kuungua. Alikuwa mpiga pasi kwenye dobi kubwa lililofua mashuka ya hoteli na hospitali, na nilijiambia moyoni, haya, kaka katuletea mtu wa kazi. Sikujua kazi yenyewe ingekuwa ipi.

Kule dobi wanawake walikuja na watoto wao wachanga na wa kutambaa, maana hawakuwa na wa kuwaachia. Watoto walilala chini ya meza za kupigia pasi, mvuke juu, miguu ya watu huku na huku. Yeye ndiye aliyewatoa pale. Wakati wa mapumziko aliwakusanya kwenye chumba cha kukaushia nguo, akawa anawaimbisha namba na kuwaonyesha rangi za mashuka. Dobi lilipofungwa, wale wanawake hawakuuliza mshahara wa mwisho uko wapi. Waliuliza, sasa watoto? Akawaleta hapa kwetu, kwenye chumba kikubwa cha mbele ambacho baba alikuwa akitengenezea baiskeli. Akapaka chokaa, akatandika mikeka, akaenda kozi ya jioni, akarudi na cheti. Mtaa mzima ukamwita Mwalimu Pasi, kwa sababu ya dobi, na kwa sababu kila mtoto anayeingia mlangoni lazima amnyooshe kola kwa kiganja, hata kama mtoto amevaa fulana isiyo na kola.

Daftari la mahudhurio alikuwa nalo, lakini hakulitegemea. Alitegemea vikombe. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati cha kunywea uji, kimetundikwa kwenye msumari wake ukutani. Asubuhi mtoto akifika anakichukua kikombe mwenyewe, na baada ya uji anakioshea kwenye beseni na kukirudisha. Kikombe kilichobaki ukutani saa nne ni mtoto asiyekuja, na wifi angemtuma mtu akaulize. Misumari ilikuwa kumi na saba. Miaka yote ikawa kumi na saba, ikizidi ni kumi na tisa, maana wanawake wa mtaani kwetu walikuwa na msimamo mmoja: mtoto wa miaka minne kazi yake ni kucheza, na kucheza anacheza nyumbani bure.

Na mimi? Mimi nashona kwenye kibaraza cha nyumba hiyohiyo. Nilikuwa nikilalamika kelele kila siku, nakiri. Na nilikuwa na kitu kimoja ambacho watoto wale hawakukigusa: choo changu. Nilikijenga nyuma ya nyumba kwa miaka minne ya kushona sare za shule za watu, kina vigae vyeupe mpaka dirishani na bomba la maji lake. Kilikuwa na kufuli. Ufunguo niliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya gauni, hata mtu akiniomba kwa mgonjwa nilimuuliza kwanza anaugua nini. Watoto wa wifi walikuwa na choo chao cha zamani pembeni, tundu moja. Tulielewana hivyo, na sikuona ubaya.

Ndipo mradi ukaja. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa: ruzuku kwa shule za awali, ili kuongeza uandikishaji wa watoto. Shule itakayofuzu itajengewa vyoo vidogo vya watoto na italipiwa mwalimu msaidizi. Wifi alilisoma akarudi nyumbani anatembea haraka, kitu asichokifanya. Alienda kwenye semina ya siku moja, akarudi na kijitabu na kalamu. Tulikaa kibarazani tukakisoma pamoja. Kulikuwa na maneno ya takwimu za msingi, viashiria, tokeo la mradi. Mimi nasoma vipimo vya viuno na mabega siku nzima, sikuambulia kitu. Yeye naye alisema semina nzima alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa sababu kila mtu alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Tulichoelewa ni kimoja: kijana wa mradi atakuja Jumanne kuhesabu watoto.

Sasa mimi nilikuwa na habari zangu. Mteja wangu mmoja, aliyekuja kupunguza sketi, alikuwa amenieleza kuhusu mradi mwingine, wa madawati. Shule ya upande wa pili wa soko ilijikuta imerukwa. Waliambiwa watoto wenu ni wachache mno, hampati. Kwa hiyo nilipoona misumari kumi na saba nilipata joto mwilini. Nikamwambia wifi, chumba hiki Jumanne lazima kijae. Akasema hapana, watahesabiwa waliopo. Nikamwambia nani anapokea wageni na nyumba tupu? Akasema hapana. Nikamuuliza anataka vyoo au hataki. Akanyamaza, akaendelea kukunja vitambaa.

Basi nilitoka na tepu yangu shingoni, nyumba hadi nyumba. Hakuna mwanamke mtaa huu ambaye sijamtengenezea zipu haraka siku ya shughuli, na kila mmoja nilimkumbusha zipu yake. Naomba mtoto wako kesho, saa mbili mpaka saa sita, nitamrudisha mzima. Walicheka, wakanipa. Muuza mkaa wa pembeni alinipa binti yake wa miaka minne. "Mchukue," alisema, "ila haongei huyu. Usije ukasema nilikuuzia mbovu." Kweli hakuongea. Alikuwa anaonyesha kwa kidole: maji, kidole, mkate, kidole, sitaki, kidole kinatikiswa puani pako. Nilimwita Kidole papo hapo na jina likashika.

Nilipata ishirini na wanne. Nikanunua vikombe vya plastiki ishirini na vinne, na ili visionekane vimenunuliwa jana nikafunga kwenye kila mkono wa kikombe uzi wa rangi yake, nyekundu, kijani, zambarau, zambarau na nyeupe, mpaka makasha yangu ya nyuzi yakaisha rangi. Nikagongelea misumari. Nikachukua na daftari la wifi, nikaandika majina yote ishirini na manne kwa mkono wangu, na kwenye safu ya tarehe ya kuanza nikaandika, kwa akili zangu, tarehe ya siku hiyohiyo ya Jumanne. Ndivyo ninavyoandika vitambaa vinapoingia. Sikufikiria.

Kijana wa mradi alifika kwa pikipiki, shati limechomekwa vizuri, kishikwambi kwapani. Akamwamkia wifi shikamoo mwalimu, akaingia, akahesabu vichwa mara mbili. Chumba kilikuwa kimejaa mpaka dirishani. Watoto wa kuazima walikuwa wamekaa kimya kwa mshangao, na hao kumi na saba wenyewe walikuwa wanawaonyesha kila kitu kama wenye nyumba. Wifi aliendesha somo huku jasho linamtoka. Nilisimama mlangoni nimejaa fahari.

"Arobaini na mmoja," kijana alisema. "Hongereni sana. Basi mmeanzia arobaini na mmoja. Mwisho wa mwaka tutarudi, mkiwa mmefika hamsini na wanne mtakuwa mmefuzu."

Nikamuuliza, kwa upole tu, kama ingekuwa vibaya kukuta watoto wachache. Akacheka. Akasema hapana mama, shule zenye watoto wachache ndizo walizozilenga hasa, kwa sababu ndizo zenye nafasi ya kukua. Akapanda pikipiki yake akaenda.

Wifi alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kifuani.

"Kwa hiyo walitaka tuwe wachache," alisema.

"Inaelekea."

"Na tulikuwa wachache."

"Tulikuwa."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza, mimi ugomvi nauweza. Alitaka kumpigia kijana simu palepale, nikamzuia, nikamwambia atatuona waongo, subiri tufikirie. Hilo nalo ni langu. Saa sita nikawarudisha watoto wa watu makwao, mmoja mmoja, na nikadhani yamekwisha.

Asubuhi ya Jumatano Kidole alikuwa mlangoni. Peke yake, miguu ina vumbi la mkaa. Alipita kwenye miguu ya wifi, akaenda mpaka ukutani, akanyoosha kidole kwenye kikombe chenye uzi wa zambarau na nyeupe. Wifi aliniangalia. Nikamwambia mtoto, mama, ile ilikuwa jana tu. Kidole kikabaki kimenyooka. Wifi akashusha kikombe, akampa, akamnyoosha kola ambayo haikuwepo.

Alhamisi walikuja watatu. Wiki iliyofuata tisa. Mama zao walikuja nyuma yao na uso wa kukereka, wananiuliza mimi, nimewalisha nini watoto? Mtoto analia kikombe, kikombe gani? Niliwaambia wavichukue wavipeleke nyumbani hivyo vikombe, ni zawadi. Mmoja alikichukua kweli. Kesho yake mtoto alikuja na kikombe chake mkononi, akakitundika kwenye msumari, akakaa. Ilipofika mwezi wa tatu misumari yote arobaini na mmoja ilikuwa na mwenyewe, mama walikuwa wameacha kukereka na kuanza kuuliza sare, na muuza mkaa alikuwa analeta gunia la kupikia uji bila kuombwa. Wanawake waliokuwa wakisema mtoto anacheza nyumbani bure sasa waliniambia mimi, tena kwa kunifundisha, kwamba mtoto anatakiwa aanze mapema.

Nilimwambia wifi, umeona? Akasema naona, ila sielewi ninachoona. Kwa sababu kwenye daftari, na kwenye kishikwambi cha yule kijana, tulikuwa arobaini na mmoja tangu siku ya kwanza. Watoto ishirini na wanne wapya wameingia na hatujaongeza hata mmoja.

Halafu akatokea bwana afya. Huyu hupita mara moja kwa mwaka na rula yake ya mbao na daftari lenye jalada jeusi. Akahesabu watoto, akaenda kuangalia choo, akarudi anatikisa kichwa. Sheria ni tundu moja kwa watoto ishirini na watano. Akampa wifi muda mpaka Jumatatu ya kwanza baada ya majibu ya mradi kutoka, kwa hisani yake, maana alisikia kuna ruzuku inakuja. Tundu la pili likiwepo, sawa. Lisipokuwepo, watoto kumi na sita warudi kwao, au afunge shule nzima.

Tulikaa tena kibarazani. Tupate vyoo lazima tuwe hamsini na wanne. Tuwe hamsini na wanne lazima tuwe na vyoo. Wafadhili wanataka waongezeke, bwana afya anataka wapungue, na wote wawili wanasema ni kwa faida ya watoto. Wifi alikuwa anaandika namba kwenye mchanga kwa kijiti na kuzifuta. Mimi nilishona mkono wa kulia wa gauni la mtu mahali pa kushoto, nikafumua, nikashona tena mahali pale pale.

Na mnaniuliza kuhusu choo changu? Hakikunijia akilini. Naapa. Nilikuwa naingia na kutoka, nafunga kufuli, narudisha ufunguo kifuani, halafu nakaa na wifi tunaumiza kichwa tundu la pili tutalitoa wapi. Nikieleza sasa watu hawaniamini, na mimi mwenyewe sijiamini sana.

Siku moja kabla kijana hajarudi nilimwambia wifi nitaazima wengine kumi na watatu. Kazi ya mchana mmoja. Alikuwa anamfunga mtoto kamba za viatu, hakuinua kichwa. Akasema, "Ukiwaazima watarudi. Hivi bado hujajua wanarudi?" Halafu akasema atamwambia kijana ukweli. Nikawaka. Nikamwambia akisema ukweli anajimaliza, vyoo hapati, jina linachafuka, na kumi na sita wanarudi nyumbani. Akasema anajua. Nikamwambia sasa kama anajua kwa nini. Akasema hajui kwa nini, amechoka tu kuwa arobaini na mmoja kwa namna isiyo ya kweli wakati wako arobaini na mmoja kweli. Nilirudi kwenye cherehani nimevimba, kwa sababu nilikuwa nimeelewa, na sikutaka.

Kijana alikuja, shati lilelile, akahesabu. "Arobaini na mmoja. Mwalimu, mbona hamjaongeza hata mmoja?"

Wifi alimweleza. Alimweleza yote kwa sauti ya kawaida, kama anavyowaeleza watoto kuhusu kuosha mikono. Kwamba walikuwa kumi na saba. Kwamba siku aliyokuja chumba kilijazwa. Kwamba waliojazwa walirudi wenyewe na sasa ni wanafunzi, mama zao wapo mtaani, akawaulize. Akamwonyesha ukuta: vikombe kumi na saba vya bati, ishirini na vinne vya plastiki vyenye nyuzi. Kijana alivitazama vile vikombe muda mrefu. Alibonyeza kishikwambi chake, akabonyeza tena. Ile namba ya siku ya kwanza ilikuwa imefungwa, haibadiliki, hata yeye hana ruhusa.

Akaomba daftari. Akafungua. Majina kumi na saba kwa hati ndogo ya duara, tarehe mbalimbali. Majina ishirini na manne kwa hati kubwa ya kulala kushoto, tarehe moja. Mtu yeyote aliyewahi kupewa risiti na mimi anaijua hati hiyo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na tepu shingoni.

"Nani aliwaleta hawa?" kijana aliuliza.

"Mimi," wifi alisema.

"Na hii hati?"

"Yangu. Siku hiyo mkono ulikuwa unatetemeka."

Ningeweza kusema. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Nikatazama chini, nikaona kipande cha uzi kwenye gauni langu nikakitoa, na nilipomaliza kukitoa walikuwa wameshapita hapo. Kijana hakuwa mtu mbaya. Aliandika maelezo marefu kwenye nafasi ya maoni, akapiga picha misumari, akasema atajaribu. Alionekana amechanganyikiwa kuliko sisi.

Barua ilichukua wiki tano. Ilisema wamepokea maelezo na wanatambua kwamba shule imeongeza watoto ishirini na wanne. Lakini kwa kuwa tarehe ya kuanza ya watoto hao ni siku ya takwimu za msingi, yaani siku ya hesabu ya kwanza, ongezeko lilitokea kabla ya mradi kuanza na haliwezi kuhesabiwa kuwa tokeo la mradi. Wanatupongeza. Wifi aliisoma mara tatu, akaniuliza kama wanatusifu au wanatukatalia. Nikasoma na mimi. Nikamwambia nadhani vyote.

Hiyo ilikuwa Ijumaa mchana, watoto wameshaondoka. Bwana afya alikuwa anakuja Jumatatu.

Nilirudi kushona. Baada ya muda nikasikia vikombe vinagongana ndani. Nikachungulia dirishani. Wifi alikuwa ameweka beseni kubwa sakafuni, anashusha vikombe. Kumi na sita, alikuwa anatafuta kumi na sita. Alishusha chenye uzi wa kijani, akakiweka kwenye beseni, akakitoa, akakirudisha ukutani, akashusha cha jirani yake. Alifika kwenye kile cha zambarau na nyeupe. Akakishika. Vile vidole vyake vya kuungua vikabaki juu ya ule uzi niliofunga mimi, na sura yake sitaki kuieleza.

Niliingia. Nikamuuliza kitu ambacho hakikuwa na maana wakati ule, nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

"Ningesema uliwaleta wewe, ingekuwa nimewakana," alisema. "Angewaandika ni watoto wa kuazima. Mimi nilitaka waandikwe wa kwangu."

Ndipo likaniingia. Sio kichwani, kichwani lilikuja baadaye. Liliingia shingoni, pale uzi wa ufunguo ulipokuwa unanikwaruza miaka yote. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Nilikuwa naona aibu hata ya kusema, maana lilikuwa jambo dogo mno, na lilikuwa wazi mno, na mwaka mzima wanawake wawili wazima tumechora namba kwenye mchanga.

"Wifi," nikasema, "rudisha vikombe."

Akaniangalia. Nikauvua ule ufunguo kupitia kichwani, uzi ukanasa kwenye kilemba, nikauvuta kwa hasira, nikampa. Alijua ni wa nini. Hakushangilia, hakunikumbatia. Alisema tu, "Watavivunja vigae vyako." Nikamwambia najua. Akasema, "Watachezea bomba." Nikamwambia wifi, nyamaza kabla sijabadili mawazo. Hapo akacheka, na machozi yakamtoka, na mimi nikashika nyundo nikagongelea msumari wa arobaini na mbili, juu ya ile mingine, tukatundika ufunguo.

Jumatatu bwana afya alipima kila kitu. Akapima kile cha pembeni, akaja kwenye changu, akasimama mlangoni anashangaa vigae. Fundi seremala alikuwa ametuwekea kigoda cha kupandia. "Hiki ni cha nani?" akauliza.

"Cha shule," nikasema. Nilisema mimi, mapema, kabla mtu hajanijibia.

Akaandika mbili. Akafunga daftari lake jeusi akaenda.

Mwezi uliopita yule kijana alirudi. Awamu mpya ya ruzuku, takwimu za msingi mpya, shule zote zinaanza upya. Akahesabu arobaini na mmoja, akacheka kidogo, akamuuliza wifi kama safari hii wote ni wa kweli. Mimi nikaacha cherehani. Nikamwambia wale wa mwanzo niliwaazima mimi, na hati ile ni yangu, na mwalimu huyu hajawahi kutetemeka mkono maisha yake yote. Akasema mama, fomu ile ilishafungwa, haina tena mahali pa kuandika hilo. Nikamwambia basi asiandike, asikie tu. Akasema amesikia. Kama watatupa ama hawatatupa, sijui. Lengo safari hii ni kufika hamsini na wanne, namba ileile, na sijui wameipataje.

Choo changu hakitazamiki. Kuna vigae vitatu vimepasuka, na nimeokota kalamu ya rangi kwenye bomba. Msumari wa ufunguo niliupigilia juu kidogo kuliko ilivyofaa, Kidole haufikii. Kwa hiyo anakuja kibarazani, anavuta pindo la gauni langu nikiwa katikati ya mshono, ananyoosha kidole kuelekea ukutani. Mara tano, mara sita kwa asubuhi moja. Wifi ameniambia nikaushushe huo msumari. Namwambia kesho. Mtoto anavuta, mimi nanung'unika, naacha mguu wa cherehani juu ya kitambaa cha mtu, nainuka.